Mlango wa Upande wa Mabati

Mama Pazia alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kupita mbele ya dirisha la mtu bila kulipima kwa macho. Alianza kushona mapazia angali msichana, na kwake kila nyumba ilikuwa madirisha kwanza, watu baadaye. Ukimtajia mtu fulani wa upande wa miti, hakumbuki sura yake wala kazi yake. Anakumbuka kwamba dirisha la sebule yake linapigwa na jua la asubuhi, na kwamba alitaka bitana nzito.

Huo upande wa miti ulikuwa mtaa wa wenye nafasi zao. Barabara zake zilikuwa na kivuli, mageti yake marefu, na ukimya wake ulimfanya mgeni akikohoa ajione kama amevunja kitu. Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta tu, ulikuwa upande wa mabati: mapaa yaliyogusana, vichochoro, vinyozi, mafundi viatu, redio tatu zikiimba nyimbo tatu kwa mpigo, na watu wanaosalimiana hata kama wamenuniana. Kati ya mitaa hiyo miwili palikuwa na safu moja ya nyumba zilizotazama miti na kuyapa mgongo mabati. Mama Pazia alikaa huko mabatini, katika nyumba ya kupanga, pamoja na mumewe fundi redio na mama yake mzazi ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, wakaenda zao.

Kwa miaka mingi aliingia nyumba za upande wa miti kwa mlango wa jikoni, futi kamba shingoni na pini mdomoni. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimpa maji ya kunywa, walimlipa, walimsifia kazi. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia akae. Alipanda ngazi, akatundika, akashuka, akatoka kwa mlango ule ule. Jambo hilo lilimuuma, na lilimuuma zaidi kwa sababu lilikuwa dogo mno hata la kulalamikia. Akajiapia kwamba kabla hajafa atafungua geti moja la upande wa miti kutokea ndani, kwa ufunguo wake mwenyewe. Watu hakuwaambia hivyo, bila shaka. Watu aliwaambia, "Namtafutia mama mahali pa kupumzika." Aliyasema maneno hayo mara nyingi mpaka akayaamini.

Siku ikafika, dalali akawaita kuona nyumba. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko biashara yake. Nyumba ilikuwa mojawapo ya zile za mpakani, ya mzee mmoja aliyekwenda kukaa na wanawe. Dalali aliwapeleka saa nane mchana, saa ambayo hata mabati husinzia, akawatembeza chumba kwa chumba huku akinong'ona kama yuko msibani.

"Mama, hapa ukimwaga chumvi sakafuni unaisikia," alisema.

Bibi, aliyekuja akijikongoja na fimbo yake, aliuliza swali moja tu. "Na jirani ni nani?"

"Bibi, hapa jirani humsikii wala humwoni. Unaweza kukaa mwaka mzima usijue kama yupo."

Dalali aliyasema hayo kwa fahari, kama anayesifia bomba lisilokatika maji. Bibi alimtazama kwa huruma. Mama Pazia naye hakusikia, alikuwa amekwisha kuzama kwenye dirisha la sebuleni, mikono imenyooshwa huku na huku, akilipima kwa upana wa mikono yake.

Uani, katika ukuta wa nyuma, kulikuwa na kilango cha chuma. Dalali alikuwa amesimama mbele yake tangu walipofika huko, na kila fundi redio alipojaribu kuchungulia, dalali naye alisogea.

"Hicho kilango kinakwenda wapi?" fundi redio akauliza.

"Kipi? Aa, hicho. Cha kizamani tu hicho, baba. Kinazibika."

"Kitazibwa," akasema Mama Pazia, na hapo dalali akajua nyumba imeuzika.

Basi wakanunua. Bei msiniulize, maana hata fundi redio aliambiwa akiwa amekaa. Wakahamia, na asubuhi ya kwanza tu, Mama Pazia akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani, kilango kikagongwa. "Hodi, twapita!" Kabla hajajibu, alikwisha kuingia mwanamke mwenye kikapu, nyuma yake watunza bustani wawili, nyuma yao dobi na mzigo wake. Wakakatiza ua, wakampa heshima zake, wakatokea geti la mbele.

"Mnapita kwenda wapi?" akauliza Mama Pazia.

"Kazini, mama. Mzee alikuwa anatuachia njia. Kuzunguka ni mbali."

Mama Pazia akakigeukia kile kilango. Yaani amehama mabati, na mabati yamemfuata yakapitia uani kwake. Siku hiyo hiyo akamwita mwashi.

"Mke wangu, hicho kilango kimekukosea nini?" fundi redio akamuuliza.

"Mama anahitaji utulivu."

"Mama yupi?" akauliza fundi redio, kisha akaondoka kabla hajajibiwa, maana miaka ya ndoa ilikuwa imemfundisha mahali pa kuishia.

Mwashi alikuwa mtu wa kuipenda kazi yake. Alipanga matofali kutokea ndani, vizuri kabisa, akayapiga plasta, akabakiza mistari ya juu. Halafu akafikiri kwamba ukuta usio na sura upande wa nje ni aibu kwa jina lake. Akapenya, akasimama uchochoroni, akamalizia safu za juu kutokea huko, akapiga plasta na upande huo, akailainisha hadi ikawa kama shavu la mtoto. Aliporudi nyuma kuitazama kazi, ndipo alipokumbuka kwamba shati lake, viatu vyake na mfuko wa vifaa viko ndani ya ua. Ikambidi azunguke mtaa mzima hadi barabara kuu, mpaka kwenye kizuizi cha upande wa miti. Mlinzi akamtazama: mtu wa fulana ya ndani, miguu mitupu, mweupe kwa saruji kuanzia nyusi. Akamwambia arudi alikotoka. Jua lilikuwa limeanza kushuka fundi redio alipomkuta amekaa kando ya barabara na mwiko wake, akamdhamini, wakaingia wote. Fundi redio alicheka mpaka akauegemea ule ukuta mpya, ambao ulikuwa haujakauka, akaacha alama ya kiganja chake kwenye plasta. Mama Pazia hakucheka hata kidogo.

Yeye alikuwa kwenye mapazia. Alishona ya kitambaa kizito cha rangi ya zabibu iliyoiva, chenye maua ya kufumwa, ambacho alikuwa amekihifadhi kwa ajili ya nyumba isiyokuwapo. Sasa, kila mshonaji anajua kwamba uzuri wa pazia hukaa ndani, kwa mwenye nyumba, na barabarani hutazama bitana. Mama Pazia alikuwa amewafundisha hilo wateja wake wote. Lakini alipofika juu ya ngazi, ndani ya sebule yake mwenyewe, akayageuza. Maua yakatazama barabara, bitana ikatazama makochi.

"Hivi sisi tunaishi mgongoni mwa pazia?" akauliza fundi redio jioni, akizungusha macho kwenye kitambaa cheupe kilichopauka kama shuka la hospitali.

"Ndiyo mtindo."

"Wa wapi?"

"Kula chakula, baba."

Bibi akapewa chumba kizuri kuliko vyote, cha mbele, chenye dirisha linalotazama miti na kiti cha kuegemea. Huko mabatini alikuwa akikaa barazani asubuhi mpaka magharibi, na hakuna aliyepita bila kumwamkia. Hakuwa na cheo chochote, lakini mtoto akifaulu aliletwa kwake, mtu akifiwa alianzia kwake, na wanandoa wakigombana walipelekwa kwake mmoja mmoja. Sasa alikaa dirishani akingoja wapita njia. Wakapita magari yenye vioo vilivyopandishwa. Akayasalimu magari. Kwenye geti jeusi la mkabala alikuwako mlinzi, naye Bibi akamsalimu asubuhi, akamwulizia mke, watoto, wazazi, mgongo wake na viatu vyake. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mlinzi akahamisha kiti chake nyuma ya nguzo.

Kidogo kidogo Bibi akaacha kusalimu. Akaanza kuacha na chakula. Ukimuuliza anaumwa wapi, anasema haumwi popote. Fundi redio alimnunulia redio, akamtengenezea ishike stesheni zote, na Bibi akaizima akisema yule mtu wa ndani anaongea vizuri lakini hajibu.

Jioni moja, wakiwa mezani, Bibi akasema, "Nimempigia mwanangu wa mwisho. Anakuja Jumamosi kunichukua, nikakae kwake."

Yule mwana wa mwisho aliishi mbali, safari ya kutwa nzima. Mama Pazia akaweka kijiko chini.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Sijakasirika. Nimechoka kunyamaza."

Mama Pazia alikwenda chumba cha kushonea akafunga mlango, akalia kwa sauti ya chini, akiwa ameuweka uso kwenye mabaki ya kitambaa cha zabibu. Dunia nzima ilijua amemnunulia mama yake nyumba, na huyo mama anaikimbia. Angeweza kutoka na kumwambia baki, nakuomba. Neno hilo lilimkwama. Akatoka, akasema tu kwamba atampigia pasi nguo za safari.

Ijumaa hodi ikapigwa, si uani, bali kwenye geti la mbele. Mama Pazia akachungulia pembeni ya pazia. Alikuwa ni mwenye nyumba ya geti jeusi, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye madirisha manane yenye mapazia aliyoyashona yeye. Ni nyumba aliyoiingia kwa mlango wa jikoni mara zisizohesabika. Mama Pazia akabadilisha kanga, akajipaka mafuta, akachukua ufunguo. Akafungua geti kutokea ndani. Ilikuwa vile vile alivyokuwa ameiota, hata mlio wa kitasa.

"Karibu sana, mwalimu. Karibu ukae."

"Ahsante, jirani, sitakaa," akasema mwalimu, akiangalia huku na huku. "Naweza kuuona ua?"

Mama Pazia akampeleka uani, asielewe. Mwalimu akausogelea ukuta wa nyuma, akaugusa palipokuwa na kilango, akaguna kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

"Kwa hiyo ni kweli. Niliambiwa nikakataa kuamini. Mimi nilikuwa napita hapa, mama. Kila Jumanne na Ijumaa, kwenda kusukwa huko nyuma, na kukaa kidogo. Kusema kweli, kusukwa kulikuwa kisingizio. Tangu uzibe huu mlango sijazungumza na mtu isipokuwa mlinzi wangu, na mlinzi wangu siku hizi anajificha nyuma ya nguzo."

Mara fimbo ikasikika ikigonga sakafu, na Bibi akatokea mlangoni.

"Sauti hiyo naijua," alisema. "Wewe si yule anayelala usingizi akisukwa?"

"Bibi wa barazani!" Mwalimu mkuu mstaafu akamwendea, akainama akamwamkia kama msichana. "Kumbe umehamia huku? Nilidhani bado uko kule."

Wakakaa wote wawili kwenye ngazi ya uani, mwalimu na gauni lake la thamani hapo hapo kwenye saruji. Wakamwongelea msusi, na mume wa msusi, na kinyozi aliyeahidi kuoa. Mama Pazia alisimama na sinia la chai kati ya mlango na ngazi. Akaelewa kwamba siku zile alipokuwa juu ya ngazi akitundika mapazia ya mwalimu, mwenye nyumba hakuwamo. Mwenye nyumba alikuwa mabatini, amekaa barazani kwa Bibi, anasukwa. Na sasa mwalimu ameingia nyumbani kwa Mama Pazia hatimaye, na hakumjia yeye.

Akiondoka, mwalimu alisimama barabarani akalitazama dirisha la sebule.

"Haya mapazia yako umeyageuza, au ndiyo mtindo mpya? Nilikuwa nataka nikuite unigeuzie na yangu."

"Niliyageuza kwa makosa," akasema Mama Pazia.

Usiku huo akamsogelea mama yake, ambaye alikuwa akikunja nguo. "Mama, si umeshapata wa kuzungumza naye?"

"Nimempata. Lakini hujamsikia? Hata yeye watu wake wako kule." Bibi akaendelea kukunja.

Jumamosi asubuhi mwana wa mwisho akafika na gari lake, akapewa chai. Begi la Bibi likawekwa mlangoni. Bibi alivaa nguo za safari, akafunga kilemba, akakaa kitini akingoja kijana amalize kunywa. Fundi redio, ambaye hakuwa na mzaha siku hiyo, alikuwa akilifuta gari vioo ambavyo havikuwa na vumbi.

Ndipo wakasikia kishindo uani. Kisha kingine. Wote wakaenda kutazama. Mama Pazia, na gauni lake la kutokea, alikuwa ameshika nyundo kubwa, akiupiga ukuta pale pale penye alama ya kiganja cha mumewe. Hakujua kuvunja ukuta. Alipiga kama anayepiga mto wa kulalia, na vipande vidogo vya plasta vikamrukia kwenye nywele. Fundi redio akaenda kumpokea nyundo, Mama Pazia akamkatalia.

"Mwite mwashi," alisema, "lakini mimi ndiye nianze." Halafu akageuka, bado ameishika nyundo, akamtazama mama yake. "Mama, nyumba hii sikukununulia wewe. Nilijinunulia mimi. Nilitaka waniambie nikae. Usiende, nakuomba. Sitaki kukaa humu bila wewe."

Mwana wa mwisho alisogeza kikombe chake, hajui akiweke wapi. Bibi alimsogelea bintiye, akamfuta plasta kwenye paji la uso kwa ncha ya kilemba.

"Piga chini zaidi," alisema. "Hapo juu unajichosha."

Mwashi akaja mbio, akautazama ukuta wake kwa uchungu, akavua shati. Halafu akashtuka, akalivaa tena, akavaa na viatu, akatundika mfuko begani. "Leo nisimame upande gani?" akauliza, na safari hii Mama Pazia alicheka mpaka akakaa chini.

Tofali la kwanza lilipotoka, ukaingia mlio wa redio. Lilipotoka la pili, likatokea jicho. Tundu lilipotosha mtu kupita, nje palikuwa pameshajaa: fundi viatu, dobi, mwanamke wa kikapu, na wengine ambao hawakuwa na shughuli yoyote. Bibi akapitisha fimbo kwanza, kisha mguu, kisha mwili wote. Zikaanza shikamoo kutoka kila upande, na Bibi akizipokea moja moja, marahaba, marahaba, bila haraka. Fundi viatu akampisha kigoda chake.

Mwana wa mwisho akachungulia kwenye tundu. "Mama, gari linangoja. Njia ni ndefu."

"Mwanangu, mtu anasafirije bila kuaga majirani?" akasema Bibi. "Na hawa wa uchochoro huu sijawajua bado. Nitamwagaje mtu nisiyemjua? Ngoja kwanza niwajue."

Kijana alingoja mpaka jioni, akala, akalala, asubuhi akaondoka peke yake. Begi lilirudishwa chumbani. Mapazia yaligeuzwa, maua yakakaa ndani, na fundi redio alidai sebule sasa imekuwa nzuri mno kwa watu kama yeye. Kilango kiliwekwa upya, na mwalimu hupita Jumanne na Ijumaa, ingawa siku nyingine huishia hapo hapo uani, kwa sababu Mama Pazia humwambia akae, naye hukaa. Bibi yuko uchochoroni kwenye kigoda. Mpaka leo hajamaliza kuaga.